Mganga Aliyepiga Hodi kwenye Simu

Wembe wenyewe ulikuwa na kutu.

Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Mtu akuite mchawi, haya, mdomo ni wake. Akwambie utanyolewa kichwa mbele za watu, haya pia, tutasikia. Lakini aje na wembe wa kutu, umeviringishwa kwenye kaniki inayonuka mafuta ya taa, ati hiyo ndiyo dawa! Mimi Mbeyu, mjane wa Bongwe, ninayechemsha hata maji ya kunawa uso!

Wewe uliyeingia leo kunisoma kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe upesi, na wale wa tangu mwanzo mnivumilie. Mbwana, mtoto wa shemeji yangu tunayekaa naye ua mmoja, aliachishwa kazi hotelini Diani. Mtoto wake akatoka majipu. Pikipiki yake ikakataa kuwaka. Mimi nami nikaibiwa mtungi wangu wa udongo, ule wa maji niliopewa siku ya harusi yangu, nikaulilia kama aliyefiwa. Tena nikakosana na nusu ya ukoo kwa sababu ya chumba changu cha barabarani, ambacho kila mmoja anakitaka na mimi sijafa.

Mbwana hakwenda kwa daktari wala kwa fundi wa pikipiki. Alikwenda kwenye simu, akampata mganga. Mzee Ziro wa Samburu, anayemwona mtu alipo bila kuambiwa. Na Mzee Ziro akamwona mchawi: mwanamke, mjane, mzee, anakaa ua huo huo.

Ua gani wa Kwale hauna mjane mzee? Hata mimi ningeona, tena bila bando.

Sasa nawaungamia kitu ambacho juma lililopita nilikiruka kwa aibu.

Siku tovuti ya mganga ilipofunguliwa, Mbwana alikuwa amempakata mtoto, anamkamua jipu. Vidole vyake sivitaji, huenda mnakula. Akaniambia, "Mama mkubwa, hebu nibonyezee hapo, kuna kitu kinauliza."

Nikasoma. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kusoma sikukuacha. Simu iliandika kwamba tovuti hii inataka kujua mahali ulipo. Chini yake maneno mawili: Ruhusu. Zuia.

Sasa mwenzangu, mimi nimelelewa. Mtu akisimama mlangoni akasema hodi, humjibu "zuia". Hata ukimjua kuwa ni mdaku, hata ukiwa na mkate mmoja tu nyumbani, unasema karibu, kisha ndipo unauficha mkate.

Nikabonyeza Ruhusu.

Papo hapo simu ikaandika: *Ninakuona, mwanangu. Uko Bongwe, karibu na msikiti.*

Mbwana aliiangusha simu juu ya jipu. Mtoto akalia, Mbwana akalia, na tangu siku hiyo Mzee Ziro akawa ndiye mwenye nyumba.

Kwa hivyo kidole kilichoniuza ni hiki changu. Nimekisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Bado nakisikia kinanuka.

*

Ijumaa asubuhi Mbwana alinijia na ule wembe wake. Hakuniamkia. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kwa kumnyima mahamri mpaka aitamke vizuri, alisimama mbele yangu akiitazama miguu yangu, kama fisi anayechagua.

"Mama mkubwa, tukitoka msikitini watu watakusanyika hapa uani."

"Kuna harusi?"

"Utanyolewa. Mzee Ziro atatuongoza kwa simu. Mzee Iddi ndiye atakayekunyoa."

Mzee Iddi ni mzee wetu wa nyumba kumi. Akiitwa kuamua ugomvi hufika kabla ugomvi haujaanza.

"Ziro mwenyewe haji?"

"Yuko Samburu. Kazi zake huzifanya kwa mbali."

"Na huu wembe umetoka wapi?"

"Kwa Mzee Iddi."

"Ule anaokatia kucha za miguu?"

Mbwana akauficha nyuma ya kaniki. Nikajua ni ule ule.

"Haya. Na nikishanyolewa?"

"Utahama. Mzee Ziro amesema ua huu haukupokei tena."

Hapo mzaha ulinikauka mdomoni. Nywele huota. Lakini mwanamke mzee akishanyolewa kwa jina hilo, hakuna ua utakaompokea, si Bongwe, si Msambweni kwa dada yake, si popote. Mtoto wa jirani akiharisha, ni yeye. Mbuzi akifa, ni yeye. Na siku moja atalala, asikie harufu ya petroli dirishani. Mnaonisoma mnayajua hayo. Siwaelezi.

Nilikoroga uji wangu. Nilikoroga na wa Abdulaziz.

Abdulaziz ni mdogo wake Mbwana. Mama yao alipofariki huyu alikuwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Amesomea kompyuta Mombasa, akarudi, akakosa kazi, akakitaka kile chumba cha barabarani afungulie duka la simu. Nilimnyima, akanuna, akasahau. Ndiye aliyeiweka hii simu yangu kwa Kiswahili nisisumbuke. Juma zima alikuwa akilala chumba cha nyuma, ati tumbo linamkata.

Nilikuta raba zake nyeupe zimepangwa mlangoni kama za bwana harusi. Nikabisha hodi.

"Usiingie, mama, sijavaa vizuri. Uweke hapo hapo."

"Unaendeleaje, baba?"

"Kidogo kidogo. Mama, nimesikia habari za leo. Usibishane nao. Nywele si kitu, zitaota."

"Na nyumba nayo itaota?"

Hakujibu. Nikauweka uji juu ya maganda ya njugu yaliyotapakaa kizingitini, nikaondoka nikisema moyoni, maskini, mgonjwa wangu, angalau huyu ananionea huruma.

*

Kile chumba changu cha barabarani amekipanga msichana wa bara, anaitwa Beryl. Yuko mapokezi katika hoteli moja huko Diani, na siku za mapumziko anauza viatu vya mitumba kwenye simu. Kiswahili chake kimepigwa na gari, lakini roho yake nzima.

"Shosho, uko sawa? Unakaa kama mtu ameona ajali."

"Nimekwambia shosho sijui ni ugonjwa gani. Sema nyanya."

"Sawa, shosho."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye Ruhusu, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Huyo hajaona kitu. Ni simu ilimwambia. Wewe ndiye ulimpa ruhusa, na sasa kila Mbwana akifungua hiyo tovuti, simu inamwambia tu mahali iko."

"Bila kuuliza tena?"

"Bila kuuliza. Ukishamruhusu hivyo mara moja, amekuwa mtu wa nyumbani. Mpaka uingie kwa mipangilio, utafute ruhusa zake, umtoe mwenyewe."

"Na mtu asipomtoa?"

"Anakaa tu. Mwaka, miaka."

Nikatema mate nje ya mlango. Mgeni unamkaribisha mara moja, anageuka kunguni. Hodi hapigi tena, anajua unapolala, anajua ulipokwenda kujisaidia, halafu anajiita mganga!

"Basi hawa wote wa kwenye simu ni wachafu?"

"Sio wote. Hata mimi natumia. Mteja anafungua ukurasa wangu wa viatu, simu inamwuliza, anaruhusu, naona nukta yake kwa ramani, natuma boda. Hakuna kupotea. Lakini sijawahi kusema ni majini yamenionyesha." Akanifungulia simu yake mwenyewe. "Lakini mimi kama mimi, ona. Zuia, zuia, zuia. Hata ya hali ya hewa nimeizuia. Mvua ikinyesha nitaiona."

Nikampenda siku hiyo, na ushosho wake.

Akanifundisha. Tukaufungua ukurasa wa Ziro kwenye simu yangu. Kulikuwa na picha ya mzee mwenye usinga na meno ya njano, kama ya mbwa mgonjwa. Ikaja ile hodi. Safari hii kidole kikasita tu kwa mazoea, kikabonyeza Zuia.

Simu ikafikiri. Kisha ikaandika: *Ninakuona, mwanangu. Uko Nairobi.*

"Nairobi?"

"Ukimnyima, anabahatisha kutoka kwa mtandao. Anaweza kukuweka Nairobi, anaweza kukuweka hata Mombasa."

Mganga wa kubahatisha! Na mimi nimepoteza usingizi kwa ajili yake.

*

Walipotoka msikitini walijaa uani kama nzi. Nawaita nzi kwa kuwa jana yake walikuwa juu ya mahamri yangu. Mama fulani, simtaji, alikuwa bado ana chembe ya mbaazi zangu kwenye leso yake, na akanitazama huku amefunika pua.

Mzee Iddi aliketi katikati na beseni la maji. Nililijua beseni lile. Ndilo Hasina, mke wa Mbwana, analooshea samaki. Magamba yalikuwa yakielea.

"Bi Mbeyu," Mzee Iddi akaanza, "tuyamalize haya kwa heshima."

"Heshima iko wapi, Mzee Iddi? Chini ya kucha zako?"

Wawili watatu wakacheka. Mbwana akawatolea macho.

Nikasimama. "Jamani, sikatai kunyolewa. Nauliza neno moja tu. Mnasema Mzee Ziro anamwona mtu popote?"

"Popote," akasema Mbwana.

"Kwa simu yoyote?"

"Yoyote."

"Hasina, lete yako."

Hasina akaurudisha mkono nyuma. "Mavyaa, mimi mambo haya..."

"Mpe," akasema Mzee Iddi, na shingo imemrefuka. Udaku ni maradhi, lakini siku moja moja hufaa.

Nikaufungua ukurasa, nikaiinua simu juu wote waione.

"Haya someni. 'Inataka kujua mahali ulipo.' Mwaona? Anauliza! Mwenye jicho la ndani huuliza njia? Sasa tazameni kidole changu."

Zuia.

*Ninakuona, mwanangu. Uko Nairobi.*

Uani pakapasuka kicheko. "Nairobi!" mmoja akapiga kelele. "Mbona sisikii baridi?" Mwengine akamwuliza Mzee Iddi kama amekuja na koti.

Sikuwaacha wapumue. Nikaichukua simu ya Mbwana mkononi mwake, Beryl akanionyesha pa kupita, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa ile ruhusa niliyoitoa kwa mkono wangu. Tukafungua tena. Ikaja hodi. Zuia. Nairobi.

"Mzee wenu huyu hapa," nikasema. "Bila mimi kumwambia Ruhusu, hajui hata bahari iko upande gani. Nani mwingine anataka kunyoa?"

Mzee Iddi akaanza kuufunga wembe kwenye kaniki. Mbwana akanitazama, na kwa mara ya kwanza juma lile alinitazama usoni. Midomo yake ikafunguka. Naapa alikuwa karibu kusema shikamoo.

Ndipo simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti.

Mbwana akauweka watu wote wasikie. Sauti ya Mzee Ziro mnaikumbuka, nzito, ya mviringo, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Ikakohoa kwanza. Mganga wa simu hasemi kabla hajakohoa.

"Wanangu. Mmeziona nguvu zake? Amenifunga macho. Mchawi mdogo hawezi kunifunga mimi macho. Huyo ni mkubwa. Mnyoeni sasa hivi, kabla hajawafunga na nyinyi."

Kicheko kikafa. Nilikiona kikifa, uso mmoja baada ya mwingine.

"Amemfunga macho!" Hasina akapiga ukelele, akamfunika mtoto.

"Ngojeni," nikasema. "Kama nimemfunga macho, amejuaje kwamba amefungwa? Nani amemwambia? Hapa hakuna aliyepiga simu!"

Nani anasikia? Walinishika. Mama mwenye mbaazi kwenye leso ndiye aliyenivuta yangu kichwani. Mvi zangu, ambazo marehemu mume wangu peke yake ndiye aliyeziona wazi, zikawa nje mbele ya ua mzima. Mzee Iddi akachota maji, akanimwagia. Gamba la samaki likanigandia kwenye kipaji cha uso. Yale maji yaliniteremka mpaka mdomoni, na nitakufa nikiikumbuka ladha yake.

Wembe ukanigusa juu ya sikio. Ulikuwa baridi.

Mwilini sikuwa na nguvu ya kushindana na yeyote. Kilichobaki kilikuwa ni ujanja, na huo hauna mvi.

Nikalia. Yalikuwa machozi ya uongo, lakini yakaona mwanya, na ya kweli yakafuata nyuma yake.

"Basi!" nikasema. "Nakubali. Ni mimi."

Wembe ukasimama. Watu wakasogea karibu.

"Ni mimi. Nimetubu. Lakini siwezi kutubu mikono mitupu. Nina mbuzi mweusi Msambweni kwa dada yangu. Nataka aende kwa Mzee Ziro leo hii, kabla sijanyolewa, ili anisafishe."

Watu wakaguna. Mbuzi mweusi ni jambo zito.

"Lakini mnajua wenyewe," nikaendelea, nikipangusa kamasi, "mganga hapokei mbuzi mwenye baka. Akipelekewa mwenye baka, dawa inamgeukia aliyeomba. Ndiyo wewe, Mbwana. Na mtoto wako."

Mbwana akamtazama mtoto. "Ana baka?"

"Macho yangu yameisha, mimi sijui. Amtazame mganga mwenyewe kwa picha, aseme kama anamfaa."

Nikamgeukia Beryl, nikasema chini chini. "Mwanangu, ule ukurasa wako wa viatu unaweza kubeba mbuzi?"

Akanitazama. Akanielewa, na jicho likamcheka.

"Unaweza kubeba hata ngamia, shosho."

Hesabu yangu ilikuwa hii, na mnipime kama ilikuwa mbaya. Simu itamwuliza Ziro kama itoe mahali alipo. Mtu anayeletewa mbuzi habonyezi zuia. Ataruhusu, tutaona nukta yake, na nilikuwa tayari kuapa kwamba haitakuwa Samburu. Itakuwa kwenye baa fulani ya Ukunda. Wakiona mganga wao yuko baa, wembe utarudi kwenye kucha za Mzee Iddi.

Beryl akatafuta picha ya mbuzi, akaitia katikati ya viatu. Mbwana akaupeleka ukurasa kwa Mzee Ziro na maneno ya heshima tele, nusura anitapishe mara ya pili. Kisha wote tukaizunguka simu ya Beryl.

Tukangoja. Maji ya samaki yakinikaukia shingoni.

Beryl akashtuka.

"Amefungua?" nikauliza.

"Amefungua. Lakini haikumwuliza."

"Nini haikumwuliza?"

"Ukurasa wangu. Haukumwomba ruhusa. Umeingia moja kwa moja." Akainua uso, na rangi ilikuwa imemtoka. "Shosho, huyu alishawahi kuruhusu. Simu yake inanikumbuka. Huyu mganga ni mteja wangu. Amewahi kununua viatu kwangu."

"Viatu gani?" akauliza Mzee Iddi, ambaye hata kiama kikianza atauliza habari ndogo ndogo.

Nukta ikatua kwenye ramani, nyekundu kama jipu. Mbwana akaikodolea macho.

"Samburu hii iko wapi hapa?"

"Si Samburu," akasema Beryl.

"Hii ni barabara." Mbwana alikuwa anafuata kwa kidole, taratibu. "Huu ni msikiti. Huu ni msikiti wetu. Na hili bati..." Akatazama juu, kwenye paa, kana kwamba atamwona mganga amekaa na usinga wake. "Hiyo ni sisi wenyewe. Simu imetuonyesha sisi."

"Simu zenu hazijafungua ukurasa wangu. Hiyo ni ya aliyefungua picha ya mbuzi. Yuko hapa. Yuko ndani ya huu ua."

Wembe ulimponyoka Mzee Iddi, ukazama kwenye beseni.

Jamani, mngewaona! Wale waliokuwa wakinifunikia pua sasa walitazamana wao kwa wao. Mama wa mbaazi akaitupa simu yake chini, ati yeye hajui hata kuiwasha. Hasina akaigeuza ya kwake juu chini. Kila mtu akainua mikono, kila simu ikaonekana. Na kila mtu anayekaa ua huu alikuwa mbele yangu, nimemwona, namjua.

Ila mmoja.

Aliyesikia kicheko chetu cha Nairobi bila kupigiwa simu. Aliyeniambia asubuhi kwamba nywele si kitu. Aliyeninyamazia nilipomwuliza habari za nyumba. Niliyempelekea uji.

"Mama mkubwa," Mbwana akasema nyuma yangu, na sauti imemwisha, "mama mkubwa, unakwenda wapi?"

Nilikwenda kichwa wazi, nywele zikichuruzika, gamba la samaki bado likiwa kwenye kipaji. Nikaizunguka nyumba, na ua mzima ukanifuata kwa ncha za vidole.

Raba nyeupe zilikuwa pale pale mlangoni. Nikaziinua. Chini ya ulimi wa moja kulikuwa bado na karatasi ndogo ambayo Beryl huibandika kwenye viatu anavyouza, yenye alama yake ya kipepeo. Beryl akaiona, akajifunika mdomo.

Ningeweza kuuvunja ule mlango kwa teke. Ni wa mbao za sanduku, nimeugongomea mwenyewe. Lakini mimi nimelelewa, na huyu aliyemo ndani nimemlea mimi, kwa mkono huu. Kuna mambo nilimfundisha kabla hajajua kutembea, na mtu hayasahau hata akiwa katikati ya uchafu wake.

Nikabisha mara moja.

"Hodi."

Ndani kitu kikagonga chombo cha udongo. Kisha jibu likatoka, upesi, kama linavyotoka kwa kila mtoto wa hapa kwetu kabla hajafikiri. Lilikuwa zito, la mviringo, la kisimani, na lilitoka ndani ya mtungi wangu wa harusi:

"Karibu, mwanangu."